Grili ya gesi iliyotupwa: iokote au iache?

Grili ikishatupwa, watu huihukumu kwa sura. Mfuniko umefifia, gurudumu moja limekatika, ndani kumejaa masizi na mafuta yaliyogandana, basi inahesabiwa takataka. Kumbe hayo yote si kitu. Uchafu hutoka, gurudumu hununuliwa, rangi hupakwa. Mafuta mengi yaliyoganda yana maana hata nzuri: ilikuwa ikipika hadi siku za mwisho. Inayotia shaka ni ile inayong'aa kwa nje, iliyokaa miaka bila kuwashwa na kuoza kimyakimya tumboni. Kinachoamua hasa ni mambo mawili: hali ya sanduku la moto, na kama vichomeo vyake bado vinapatikana. Yanayobaki ni vipuri.

Ukaguzi wenyewe hauzidi dakika 10. Beba sumaku ndogo, tochi, bisibisi bapa, waya mwembamba na glavu. Mfuniko ufungue polepole, kwa sababu nyigu hupenda kujenga chini yake na panya hupenda kuzalia ndani. Kinyesi cha panya kiloweshe kwanza kwa maji yenye dawa ya kuua vijidudu ndipo ukifute. Ukikifagia kikavu unakivuta puani.

Anza na sanduku la moto

Sanduku la moto ni lile bakuli la chini linalobeba vichomeo, mabamba ya joto na nyavu. Yako ya namna tatu.

La kwanza ni la alumini ya kusubu: lina kuta nene, rangi ya kijivu, na sumaku hailishiki. Hili ndilo la kuombea. Alumini haiozi kama chuma. Ikichakaa hutoa unga mweupe unaosuguliwa ukaisha. Grili za Weber za mfululizo wa Genesis, zilizoanza kuuzwa mwaka 1985, zilitengenezwa hivyo kwa miaka mingi, na ndiyo sababu hadi leo zinaokotwa na kurudishwa jikoni. Udhaifu wa alumini ni joto la kupindukia. Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na aloi za kusubia hulainika kabla ya hapo. Mafuta yakishika moto ndani ya sanduku na kuachwa yawake, kuta hupinda. Kwa hiyo funga mfuniko, kisha chuchumaa uangalie mstari unapokutana na sanduku. Mwanya ulio sawa pande zote ni wa kawaida. Mwanya unaoanza na unene wa karatasi upande mmoja na kuishia na unene wa kidole upande wa pili unakuambia kwamba sanduku lilishawaka. Tafuta pia nyufa kwenye bawaba na kwenye matundu ya bolti. Ufa mwembamba kwenye ukingo wa juu unavumilika. Ufa unaopita kwenye tundu linaloshika kichomeo, au linalofunga sanduku kwenye fremu, hauvumiliki. Wala usitegemee kuchomelea: alumini iliyonyonya mafuta kwa miaka hutoa mshono wenye vishimo vishimo, ambao utapasuka tena.

La pili ni chuma chenye enameli. Hapa kutu huingia kwa mlango wa nyuma, pale enameli ilipobanduka, halafu hutambaa chini yake bila kuonekana. Usiamini macho. Chukua bisibisi, bonyeza kwa nguvu ya mkono kwenye sehemu tatu: kuzunguka tundu la kutolea mafuta, kwenye pembe za chini, na pale sanduku linapokalia fremu. Ikigonga pakatoa mlio mkavu, chuma kipo. Ikizama, au vipande vyembamba vikidondoka kama maganda, basi kilichobaki ni enameli inayoshikana na kutu. Tundu moja la ukubwa wa kifungo cha shati, mbali na vichomeo, linaweza kuzibwa kwa kipande cha bati na riveti za chuma. Matundu matatu hayazibwi. Mwaka ujao yatakuwa sita.

La tatu ni la bati jembamba, lililopakwa rangi au la stenlesi ya bei nafuu. Kwa hilo sumaku inasaidia. Stenlesi bora ya daraja la 304 haivutwi na sumaku, au huvutwa kidogo sana pale ilipokunjwa. Ya daraja la 430 huvutwa sawasawa, na hiyo hupata madoa ya kutu ikikaa nje. Madoa ya juu si kasoro, ila sanduku la bati jembamba lililotoboka siligusi. Gharama ya vipuri haitofautiani sana na ya grili nzuri, lakini umri utakaouongeza ni mdogo.

Sanduku likishinda, tikisa fremu. Miguu ya bomba la mraba huoza kwa ndani, kuanzia chini, kwa sababu maji hujikusanya humo. Gonga kwa mpini wa bisibisi ukipanda juu; sauti itabadilika pale chuma kinapokuwa kizima. Fremu si sababu ya kuacha grili nzuri, mradi una mahali imara na pasiposhika moto pa kuliweka sanduku, au fundi wa kuunga miguu mipya.

Vichomeo, na swali la vipuri

Nyanyua nyavu na mabamba ya joto utazame vichomeo. Ni mabomba marefu yenye mistari ya matundu madogo. Karibu kila grili ya zamani itakuwa na angalau kimoja kilichokufa, hilo lisikutishe. Kilichokufa ni kile ambacho matundu mawili matatu yameungana yakawa ufa mmoja, au mshono umeachana, au ukikiminya kwa vidole kinabonyea. Moto wa kichomeo kama hicho hutoka rundo sehemu moja na kukosekana kwingine; hakitibiki, ni kubadilisha. Matundu yaliyoziba tu hutibika.

Tafuta kibandiko cha namba ya modeli. Huwa nyuma ya sanduku, ndani ya mlango wa kabati, au chini ya trei ya mafuta. Ukiwa nayo, kabla hujaibeba grili, ulizia vichomeo vya modeli hiyo. Kama kibandiko kimefutika, pima: urefu kutoka ncha hadi ncha, umbali kati ya tundu la skrubu ya nyuma na mdomo wa koo (ncha ya kichomeo ambapo gesi na hewa huingia), kipenyo cha bomba, na upande ambao koo linapinda. Vichomeo vya bomba lililonyooka hupatikana vya kufanana. Vile vya umbo la herufi H, au vya mapacha vilivyounganishwa, vikikosekana vya asili ni taabu, kwa sababu karibu hakuna cha kubandika kwa kukisia. Kichomeo kinachokaa pembeni kwa milimita chache hakikai sawa juu ya nozeli, yaani kile kidomo chenye tundu dogo kinachotoa gesi, na gesi itavuja chini ya paneli badala ya kuingia kwenye bomba. Hapo ndipo moto unapowaka nyuma ya swichi za kufungulia gesi.

Mabamba ya joto, yale ya umbo la paa yanayofunika vichomeo, yahesabu yamekwisha hata kama yanaonekana yana uhai. Grili za zamani zaidi zilitumia mawe ya volkeno juu ya wavu mwembamba. Mawe hunyonya mafuta na baadaye huwaka yenyewe, kwa hiyo kama kuna mabamba yanayoenea, yatupe mawe.

Nyavu ni suala jepesi. Za chuma cha kusubu zikiwa na kutu tu, ziloweke kwenye siki na maji nusu kwa nusu kwa saa kadhaa, hadi usiku mmoja zikizidi. Zichungulie, siki ikimaliza kutu huanza kula chuma chenyewe. Suuza, kausha kwa moto, paka mafuta ya kupikia kidogo sana, kisha ziache kwenye joto la nyuzi 200 hivi kwa saa moja. Nyavu za waya mwembamba zenye enameli inayodondoka ziache, maana vipande vitaishia kwenye chakula.

Gesi gani?

Swali hili watu hulisahau, na ndilo linaloweza kuunguza mtu. Grili iliyoundwa kwa gesi asilia ya bomba ina nozeli zenye tundu kubwa kuliko za mtungi. Propeni ina nishati takriban mara mbili na nusu ya gesi asilia kwa ujazo ule ule, na huja kwa msukumo mkubwa zaidi. Ukiunganisha mtungi kwenye nozeli za gesi asilia, moto utapanda juu ya mfuniko. Kibao cha grili huandika aina ya gesi na msukumo wake. Kwa grili za mtungi msukumo huo huwa kati ya milibari 28 na 50 kutegemea nchi ilikokusudiwa. Regulata mpya, yaani kifaa cha kwenye mtungi kinachopunguza msukumo wa gesi, lazima ilingane na namba hiyo. Kubadili aina ya gesi si kazi ya kupanua tundu kwa drili. Ni seti kamili ya nozeli na regulata ya modeli hiyo, na kama mtengenezaji haitoi, iache grili.

Vali, zile zinazofungua gesi nyuma ya kila swichi, zizungushe moja moja. Inatakiwa kubonyea, kuzunguka kwa uzito wa wastani, na kurudi. Ngumu kidogo si tatizo. Iliyoganda kabisa, au iliyovimba unga wa kijani na mweupe kwenye mwili wake, ni ya kubadilisha. Usipulizie mafuta ya kulegezea kutu ndani ya vali: huyeyusha grisi maalumu inayozuia gesi, na vali iliyokuwa ngumu tu sasa inavuja. Vali zikiwa zimebanwa kwenye bomba kuu kwa skrubu, moja moja inabadilishika. Zikiwa zimeunganishwa kiwandani pamoja na bomba, unanunua zote.

Hesabu yake

Mpira wa gesi na regulata weka kwenye hesabu tangu mwanzo, bila mjadala. Mpira uliopigwa na jua hupasuka hasa pale unapopinda, na regulata ina utando wa mpira ndani ambao huzeeka bila kuonekana. Usiviokoe hata kama vinaonekana vipya. Ongeza mabamba ya joto, kisha kichomeo kimoja au seti, kisha kiwashio, kisha nyavu kama zimekufa. Linganisha jumla na bei ya grili mpya ya uzito na ubora ule ule. Watu hujidanganya hapa kwa kuilinganisha na grili ya bei ya chini kuliko zote dukani, ambayo kwa bati lake haitafika popote. Vipuri vikiwa chini ya nusu ya bei ya inayolingana nayo, na sanduku ni zima, ifufue. Vikizidi nusu, iache, labda kama sanduku ni alumini nene na vipuri vingine utavinunua kidogo kidogo. Kiwashio kisikuzuie: kiberiti kirefu kinafanya kazi ile ile.

Muda wa kazi ni siku moja na nusu kwa mtu mmoja, na nusu ya muda huo huliwa na bolti. Bolti ya chuma iliyokaa miaka ndani ya alumini hushikana nayo kana kwamba imegundishwa. Siri ni joto: alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo ukipasha eneo lililozunguka bolti, tundu hulegea. Futa kwanza mafuta yote ya kulegezea kutu, pasha, halafu jaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Ikianza kulia, iende mbele na nyuma robo mzunguko. Anayevuta tu kwa nguvu huvunja kichwa, kisha anaanza kutoboa. Unaporudisha tumia bolti za stenlesi zilizopakwa grisi ya kuzuia kugandana. Zilizopakwa zinki zisitumike karibu na moto. Zinki ikipata joto kali hutoa moshi wenye sumu.

Kusafisha bila kuharibu

Kwangua kwanza kwa kisu bapa cha plastiki au mbao, ukisukuma uchafu kwenye tundu la mafuta. Ganda gumu jeusi linalodondoka ndani ya mfuniko si rangi, ingawa kila mtu hudhani hivyo. Ni moshi wa mafuta uliogeuka kaboni. Sugua kwa brashi ngumu na maji ya moto yenye sabuni hadi litoke, na usipake rangi ndani ya sanduku wala ndani ya mfuniko.

Dawa za kusafishia oveni nyingi zina kostiki soda. Kwa enameli ni sawa. Kwa alumini ni msiba: kostiki huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, uso unageuka mweusi na wenye vishimo. Soma chupa kabla hujapulizia. Kwa alumini sabuni ya vyombo, maji ya moto na uvumilivu vinatosha. Ukisugua kwa brashi ya waya, pitisha kitambaa chenye maji baadaye na uangalie kwa tochi, kwa sababu waya mmoja uliokatika ukiingia kwenye chakula unaweza kumchoma mtu koo.

Rangi ya nje iwe ya kuhimili joto la nyuzi 600 hivi, ipakwe nyepesi mara mbili juu ya uso uliopigwa msasa na kufutwa mafuta. Nyingi hukomaa kwa joto la polepole, kwa hiyo moto wa kwanza uwe mdogo.

Koo la kichomeo, nozeli na buibui

Grili iliyosimama muda mrefu karibu hakika ina utando wa buibui ndani ya koo la kichomeo, pale hewa inapoingia. Utando mdogo usioonekana kwa jicho unatosha kusukuma gesi irudi nyuma. Pitisha brashi ndefu ya chupa kutoka koo hadi mwisho, kisha pulizia maji upande mmoja: yatoke sawa kwenye kila tundu. Matundu yaliyoziba yafungue kwa waya mwembamba kuliko tundu lenyewe. Ukiyapanua umebadilisha moto. Nozeli zenyewe usizichokonoe kwa chuma. Zitoe, loweka kwenye maji ya sabuni, puliza, zitazame dhidi ya mwanga. Tundu liwe duara kamili.

Unaporudisha, hakikisha kila nozeli imeingia ndani ya koo la kichomeo chake. Inama uangalie kwa tochi kimoja baada ya kingine, kisha vuta kichomeo kwa mkono: kisitoke. Viungio vinavyobana chuma kwa chuma havihitaji utepe wa nyuzi, tena utepe huo huvizuia kubana sawa. Nati ya regulata ya propeni kwenye mitungi mingi hukazwa kinyume na mazoea, kwa hiyo usilazimishe kabla ya kuangalia mwelekeo.

Halafu jaribio la uvujaji, nje, mbali na moto wowote. Swichi zote zimefungwa, mtungi umefunguliwa. Changanya sabuni ya vyombo na maji kiasi sawa, paka kwa brashi kwenye kichwa cha mtungi, kwenye regulata, urefu wote wa mpira, kila kiungio na kila shingo ya vali. Subiri dakika moja. Povu linalotulia ni salama. Linalokua kama yai linaonyesha tundu. Funga, kaza, rudia. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hukaa chini kwenye kabati na mashimo, kwa hiyo pua yako iliyo juu inaweza isiisikie. Kiberiti si kifaa cha kutafuta uvujaji.

Ikiwa haivuji, washa mfuniko ukiwa wazi. Moto unaotakiwa ni wa buluu, thabiti, wenye ncha za njano kidogo. Njano tupu na masizi ni upungufu wa hewa: rudi kwenye koo, au fungua kilango cha hewa kidogo. Moto unaoruka juu ya matundu na kuvuma una hewa nyingi mno. Kichomeo kisichopokea moto kutoka kwa jirani kina matundu yaliyoziba kwenye ncha inayopitisha moto.

Kuna kasoro moja inayowafanya watu watupe grili nzima kabisa. Vichomeo vyote vinawaka kidogo, na grili haipandi nyuzi 150. Baadhi ya regulata zina kizuizi kinachobana mtiririko gesi ikitoka ghafla, na mtu akifungua mtungi kwa haraka, au swichi zikiwa zimeachwa wazi, kizuizi hicho hujifunga. Dawa yake ni kufunga kila kitu, kutenganisha regulata, kungoja dakika chache, kuunganisha tena, na kufungua mtungi taratibu kabisa kabla ya kugusa swichi. Ukiikuta grili nzuri imetupwa na huoni sababu, jaribu hili kabla ya kununua kipuri chochote.

Mwisho, funga mfuniko, weka moto wa juu dakika 15. Grili nzima hupita nyuzi 250. Kisha punguza moto hadi wa kati, tandaza vipande vya mkate juu ya wavu wote, dakika moja au mbili, uvigeuze kwa mpangilio ule ule. Vilivyoungua viko juu ya moto mkali, na vilivyobaki vyeupe viko juu ya kichomeo kinachohitaji kurudiwa na waya.